Bwana, Nisaidie Kumeza

Bwana atukuzwe, ndugu zangu wa shirika letu la maombi. Atukuzwe asubuhi hii hata na mtu anayeogopa kusimama mbele yenu.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Kavira, wa hapa hapa Keshero, mjini Goma, binti wa yule mama wa Butembo anayeuza viazi na maharagwe sokoni. Wengine mnanijua kwa sababu ya judo, maana kuna wakati picha yangu na medali ilizunguka kwenye simu zenu, na mkasema binti wa shirika letu ametuletea heshima. Leo sikuja kuzungumzia medali. Nimekuja kusema jinsi Bwana alivyonishika mkono ndani ya ugonjwa ambao sikujua jina lake, ambao ninyi pia hamkuujua, na ambao kwa muda mrefu mlinisifu kwa ajili yake. Mnivumilie. Sijazoea kusema mbele ya watu.

Judo nilianza nikiwa bado shule ya msingi, katika ukumbi mmoja wa mabati, juu ya mikeka iliyochanika na kushonwa kwa nyuzi za nailoni. Mwalimu wetu tulimwita Metre, ndivyo tunavyowaita walimu wa judo hapa kwetu. Niliupenda mchezo ule. Nilipenda kwamba msichana mdogo kama mimi aliweza kumshika mtu kola, kumgeuza, na kumlaza chini. Nje tulikuwa tunasikia mabomu upande wa Sake, na watu walikuwa wanafika mjini na magodoro kichwani. Mle ndani nilijiona nina nguvu.

Katika judo watu hawapigani ovyo ovyo. Kila mmoja anapimwa kilo kwenye balansi, anapigana na wa uzito wake. Mimi nilikuwa katika kategori ya wasichana wepesi kabisa, na huko nilikuwa nawashinda karibu wote. Halafu mwili ukaanza kukua, kama mwili wa kila msichana. Siku moja, tukiwa tunapimwa kabla ya mashindano ya mji, Metre akaangalia sindano ya balansi, akaniangalia mimi, akasema mbele ya wote, “Kavira, umeanza kuwa mama.”

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Lakini siku ile nyumbani sikumaliza sahani yangu, na kesho yake nikaona sahani ni kubwa mno, na kesho kutwa nikamwambia mama nimekula kwa rafiki. Ugonjwa wangu uliingia kwa mlango huo mdogo.

Sitawaeleza kila nilichokifanya, maana kuna mabinti hapa wanasikiliza, na sitaki mtu atoke na mafundisho mabaya kinywani mwangu. Niseme tu kwamba nilijifunza kuzungusha chakula kwenye sahani mpaka kionekane kimeliwa. Nilijifunza kwenda nyuma ya nyumba baada ya kula na kurudi na macho mekundu, nikisema ni moshi wa makaa. Nilipunguza kilo, nikashinda, Metre akanipiga bega akasema sasa huyu ndiye Kavira ninayemjua. Kwa hiyo nikaendelea. Hata mashindano yalipokwisha, niliendelea. Mambo ya kike yalisimama. Nywele zilianguka, nikazifunika kwa kitambaa. Nilisikia baridi hata mchana wa jua kali. Na kila nilipojitazama kwenye kioo niliona mtu mnene.

Asubuhi nilikuwa nakimbia barabara ya Sake mpaka Lac Vert, nimevaa plastiki ndani ya puluva, sweta nzito, ili nitoke jasho. Wakati ule kambi za wakimbizi zilikuwa bado huko, hema juu ya mawe ya volkano, kwa maelfu. Niliwapita kila siku bila kuwatazama. Asubuhi moja mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya maji, mtoto mgongoni, akaniita. Akauliza, “Dada, nani anakufukuza?”

Nikamjibu hakuna anayenifukuza, nakimbia ili nipungue.

“Upungue?” akauliza. Hakucheka. Akamgeukia jirani yake wakaongea Kinyarwanda, wote wawili wakaniangalia kuanzia miguu mpaka kichwa. Kisha akasema taratibu, “Sisi hapa, wiki hii hatujapewa unga. Wewe, kwenu unga uko, halafu unaukimbia?”

Nilikasirika, nikaongeza mwendo. Lakini neno lake lilinifuata mpaka nyumbani, na halikunisaidia kitu. Liliniongezea aibu, na mtu mwenye ugonjwa huu akiona aibu haongezi chakula. Anakula kidogo kuliko jana.

Sasa, ndugu zangu, nifike kwenye sehemu ngumu kusema hapa.

Mama yangu aliona nimekonda, akaogopa. Alinileta kwenye kikundi chetu cha maombi, hiki hiki. Mama Jozefina, kiongozi wetu, yuko pale mbele. Tumeshazungumza mimi na yeye, na amenipa ruhusa niseme. Aliniwekea mikono, akaniombea kwa machozi, kwa upendo wote. Kisha akasema jambo hili linahitaji maombi ya kufunga. Kila Jumatano na kila Ijumaa, tukafunga.

Hamjui jinsi nilivyofurahi. Nilikuwa nimepata siku mbili za juma ambazo hakuna mtu angeniuliza umekula nini. Nikaongeza Jumatatu. Nikaongeza novena, siku tisa mfululizo. Mkanisifu. Papa mmoja, mzee wa shirika, alisimama hapa akawaambia vijana wamtazame Kavira, jinsi anavyoutiisha mwili kwa ajili ya Bwana. Niliinamisha kichwa kama mnyenyekevu, huku tumboni pananiuma kama mtu ananisokota kwa kamba. Nilijua kwamba simfungii Bwana. Nilikuwa nafunga kwa ajili ya balansi. Lakini sikuwa na maneno ya kusema hivyo, na sauti za kunisifu zilikuwa tamu.

Mama peke yake hakusifu. Alikuwa anaketi kwenye benchi la nyuma, ananiangalia.

Basi tukaitwa Bukavu kwa mashindano. Washindi wangeenda Kinshasa. Katika klabu yetu tulichaguliwa wasichana wawili, mimi na Solange. Solange alikuwa rafiki yangu. Kwao ni Kalengera, barabara ya Rutshuru. Wazazi wake walikuwa wamebaki kule nyuma ya mstari wa vita, yeye akaishi hapa mjini kwa shangazi. Alikuwa katika kategori ya juu ya yangu, na mwaka ule alikuwa anajinyima chakula kama mimi. Hatukuwahi kuzungumza juu yake. Kila mmoja alijua ya mwenzake, akanyamaza.

Tulipanda boti ya asubuhi. Nilikuwa sijanywa maji tangu jana yake, na siku ile pia sikunywa, kwa sababu kesho yake tungepimwa. Nilikaa kwenye jua, nimevaa puluva, ulimi umekuwa kama kipande cha kitambaa. Pande zote ni ziwa. Maji, maji, maji mpaka macho yanapoishia, na mimi nimeshika chuma cha boti nikiomba nisiyatazame. Mama mmoja msafiri alinipa chupa ya maji, akasema kunywa, mutoto, midomo yako inatoka damu. Nikamshukuru, nikamwambia nimefunga. Akaniamini. Alinibariki.

Kesho yake nilipanda kwenye balansi na sindano ikakubali. Metre akafurahi sana. Akaniambia ninywe, nile haraka, nipate nguvu. Nilijaribu, tumbo likarudisha vyote. Wakaniita kwenye mkeka. Nakumbuka nilimshika mpinzani wangu kola. Nakumbuka moyo ulianza kuruka, unapiga, unasimama, unapiga tena kwa fujo. Nakumbuka nikijiuliza mbona taa zinazimwa mchana.

Niliamka hospitali, sindano ya serumu, yale maji ya dripu, mkononi. Daktari alikuwa mama wa makamo, hana maneno mengi. Alisema damu yangu imeishiwa chumvi zinazouendesha moyo, na kwamba moyo wangu ulikuwa umesimama kidogo pale ukumbini kabla hawajaurudisha. Metre alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Daktari akamwambia mbele yangu kwamba mtoto huyu hana malaria, ana njaa. Kisha akanigeukia mimi, akauliza tangu lini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tangu lini. Nikalia, na nilipolia hata machozi hayakutoka, mwili haukuwa nayo.

Aliniambia kwamba huu ni ugonjwa, unajulikana, na unawashika sana wanamichezo ambao kazi yao ni kupimwa kilo. Akasema unaua. Akasema dawa ya kwanza ni kula, kidogo kidogo, na kwamba itakuwa ngumu kuliko mapambano yote niliyowahi kupigana. Sikumwamini kuhusu hilo la mwisho. Kula ni jambo gumu gani? Lakini walipoleta uji, ndugu zangu, niliutazama ule uji kama mtu anayetazama nyoka. Nilijua nitakufa nisipokula. Nilitaka kuishi. Na mkono haukukubali kuinua kijiko.

Solange ndiye aliyempigia mama simu. Mama akafunga meza yake sokoni, akapanda boti, akafika na kitenge chake na kikapu. Papa, baba yangu, alikuwa Butembo na njia zilikuwa zimekatwa, hakuweza kuja. Mama hakunigombeza. Alinigusa uso, akagusa mfupa wa bega, akageukia dirishani.

Mchana alileta ugali wa fufu na sambaza, wale dagaa wa ziwa, kutoka kwa akina mama wanaopikia nje ya hospitali, na kiazi kilichopondwa kwa ajili yangu. Nikasema sina njaa. Akafunika sahani zote mbili, yangu na yake, akaziweka chini ya kitanda. Jioni ikawa vilevile. Kesho yake vilevile. Niligundua kwamba mama naye hali chakula. Bibi mmoja aliyelala kitanda cha jirani naye aliona, akamwambia, “Mama, wewe kula. Utamuhudumia namna gani na wewe ukianguka?”

Mama akajibu, “Nitakula naye.”

Hakusema kwa hasira. Hakunitishia. Nilimwambia mama, kula basi, mimi nitakula baadaye. Akasema haya, na mimi baadaye. Nilikasirika, nikamgeuzia mgongo. Nilijua mama ana sukari, nilijua daktari wa Goma alimkataza kukaa na njaa. Na yeye alijua kwamba najua.

Asubuhi iliyofuata alisimama kunimiminia maji, mikono ikaanza kutetemeka, maji yakamwagika kwenye shuka. Jasho lilimtoka usoni. Akajishika kwenye chuma cha kitanda, akashuka taratibu mpaka chini, akakaa kwenye sementi, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Nilimwita. Aliniangalia kama mtu aliye mbali sana. Hapo niliona, ndugu zangu, kwa macho yangu mwenyewe, kile ambacho mama alikuwa anakiona kwangu miezi yote ile. Niliona mtu ninayempenda akijimaliza mbele yangu, na mimi nimekaa tu.

Bibi wa jirani akaita muuguzi. Kabla hajafika, nilisema, “Mama, kula. Nakuomba, kula.”

Akasema, “Tuanze wote.”

Nikasema ndiyo.

Bibi akampa kiazi cha kuchemsha kutoka kwenye kikapu chake. Mama akakivunja, akanipa kipande, akashika chake mkononi, akangoja. Muuguzi alikuja, akataka kumpa maji ya sukari, mama akainua mkono kumwambia subiri. Wote walikuwa wananiangalia. Niliweka kile kipande mdomoni, kikakaa pale. Nilikuwa nimesali novena ngapi, nimeimba, nimenena kwa maneno marefu mbele yenu, na hakuna sala hata moja iliyobaki kichwani. Nilibaki na moja tu, fupi. Nilisema, “Bwana, nisaidie kumeza.”

Nikameza.

Mama akala chake. Kisha akanywa maji ya sukari, akalala palepale sakafuni, kichwa kwenye godoro langu. Sikuona mwanga wala kusikia sauti ya malaika. Nililia kwa hofu ya kunenepa, nilimchukia yule bibi na kiazi chake. Lakini nilikuwa nimeomba na nimejibiwa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu miaka mingi kumwomba Mungu kitu ambacho nilikuwa nakihitaji kweli.

Ningependa kuishia hapo, niseme nikapona, tuimbe. Sitawadanganya. Nilirudi Goma nikaanguka tena, nikasimama, nikaanguka. Metre alikuja nyumbani siku moja, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Alikuwa na mambo mengi ya kusema, mwishowe akasema moja, “Mimi pia walimu wangu walinifanya hivyo, nikafikiri ndiyo judo yenyewe.” Aliiondoa ile balansi ukumbini, sasa anaitoa tu wakati sheria za mashindano zinamlazimu. Kwangu ilikuwa imechelewa. Moyo wangu hauruhusu tena kushindana. Meno yangu matatu yamevunjika kwa kutapika. Daktari hajui kama nitaweza kuzaa, na anaponiambia tungoje tuone, naona jinsi anavyoangalia karatasi badala ya uso wangu.

Halafu vita vikaingia mjini. Mnazikumbuka zile siku, sote tumelala chini ya vitanda, soko limefungwa, maji hakuna. Ndani ya nyumba tulikuwa na unga kidogo. Na ninyi mlipokuwa mnalia kwa njaa, kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Nasema hili ili mjue huyu adui ni wa namna gani. Watu wanakufa nje, na yeye ananinong'oneza kwamba sasa nina sababu nzuri ya kutokula. Mama alikuwa anagawa uji vikombe viwili, anakaa mbele yangu, anangoja. Kila kikombe nilikinywa kwa sala ile ile.

Solange hakuwa na mtu wa kukaa mbele yake. Kambi zilipovunjwa na njia ya Rutshuru ikafunguliwa, yeye na shangazi yake waliondoka kurudi Kalengera. Alikuja kuniaga, amevaa puluva kwenye jua. Nilimshika mkono, nikamwambia yote niliyowaambia ninyi. Akasema ndiyo, ndiyo, atakula. Tangu hapo simu yake haiingii. Nimeuliza madereva wa njia ile, hakuna anayemjua. Kila siku namtaja mbele ya Bwana, na sijui kama namwombea aliye hai.

Ndugu zangu, nimesimama hapa kwa ajili yake pia. Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayekonda na watu wanamsifu, awe mwanamichezo, awe mtu wa maombi, usimsifu kabla hujakaa naye mezani. Mpeleke kwa daktari. Muombee pia, ndiyo, muombee sana, lakini uwe umekaa karibu naye na sahani yako. Na kama wewe ndiye, binti, kijana, umekaa hapo na tumbo tupu na unafikiri hakuna anayejua, Bwana anajua. Huhitaji kumletea mwili mwepesi. Mwambie neno moja tu, hata kama hulijui la pili. Baada ya misa nitakuwa pale karibu na mlango wa pembeni, mimi na mama. Njoo.

Namshukuru Mungu kwa daktari yule, kwa bibi wa kitanda cha jirani ambaye sikuuliza hata jina lake, kwa Mama Jozefina aliyenisikiliza bila kukasirika. Kwa mama yangu sina shukrani inayotosha.

Jumatano hii Kwaresima inaanza. Nilikwenda kwa Padri kumuuliza nifanye nini, maana wote mtafunga, na mimi naogopa. Akaniambia, “Wewe usifunge. Kula asubuhi, kula mchana, kula jioni, na umtolee Bwana hiyo iwe sadaka yako.” Kwa hiyo siku ya majivu, mkiniona nimekaa kwenye ngazi za kanisa na mama, tunakula mchana mbele ya watu wote, msishangae wala msinong'onezane. Nitakuwa katika sadaka yangu.

Bwana awalinde, ndugu zangu. Niombeeni nimalize sahani.